Mpira wa Mwenye Dishi

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, mfanyabiashara mmoja wa asali pale Itigi alinunua dishi, akaziba madirisha ya ghala lake kwa magunia, akatutangazia kuwa mpira sasa ni mali yake. Mpira ule ule tuliousikiliza redioni bure miaka yote. Tukalipa kiingilio kama mazuzu, tukakalia madebe yanayonata asali. Wasio na hela walibaki nje na redio yao.

Hakuna aliyetuambia kwamba picha ya dishi huchelewa. Mshambuliaji wetu bado anakokota mpira katikati ya uwanja, nje wakalipuka kwa shangwe. Mwenye ghala akatoka mbio kuwafukuza, eti wanamwibia. Sisi wenye haki ya kuona tukabaki tukisubiri goli ambalo wenzetu walishamaliza kulishangilia.