Gari Lililosimama Adhuhuri

Nakumbuka siku moja nje ya Riyadh, mwanangu, ingawa siku hiyo sikuipenda hata kidogo ilipoanza. Nilikuwa kijana wa Tanga, dereva wa nyumba moja ya mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Bosi wangu alikuwa na ugonjwa wa magari ya Kitaliani ya miaka ya sitini, yale ya mbio ndefu, yaliyolala chini karibu yaguse lami. Alinunua moja jekundu, akamwita Mzee Aldo, Mtaliani aliyeyatengeneza magari hayo ujanani mwake, aje alitunze. Kisha akaliingiza katika mashindano ya magari ya zamani, ya kutwa nzima, huko Riyadh, aliendeshe mwenyewe. Mimi nikapelekwa kumsaidia mzee.

Adhuhuri gari likatujia likifuka mvuke. Gasketi ya pampu ya maji imepasuka, na ya akiba hatuna. Bosi akashuka, akatupa glavu chini.

"Halas," akasema, yaani basi, yamekwisha.

Nikaanza kukusanya spana. Na si spana tu. Moyoni nilishafunga hata nguo zangu. Jeddah ilikuwa imenichosha kwa upweke, nilipanga kumwomba bosi anirudishe nyumbani.

Mzee Aldo akanishika mkono. "Nani amekwambia ukusanye?" akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga.

"Tumeshindwa, mzee."

"Tumesimama. Hujui tofauti?"

Huku akifungua nati, akanieleza. Zamani hizo, katika mbio za usiku na mchana, hakuna gari lililomaliza bila kusimama. Lililofika ni lile ambalo watu wake hawakuchoka kulitengeneza. Nikamsikiliza, kisha nikapasua boksi la tende, nikakata gasketi ya karatasi kwa mkasi. Mzee akaipaka gundi, tukaifunga. Chuma kilikuwa cha moto, tuliungua vidole sote wawili.

Injini ikawaka, maji yakakaa. Lakini bosi hakutaka kupanda.

"Nitakuwa wa mwisho," akasema. "Watu watanicheka."

"Wacheke," akajibu mzee. "Gari halijakataa, bosi. Ni wewe."

Nilidhani tumefukuzwa kazi wote. Bosi akamtazama, akacheka, akaokota glavu zake. "Yalla, twende," akasema.

Alimaliza wa mwisho kweli, jua likizama, na waliobaki uwanjani walikuwa wachache. Aliposhuka alimbusu mzee kwenye paji la uso, machozi yanamtoka. Mimi nilipiga makofi mpaka malengelenge yakapasuka. Tulipokuwa tukirudi Jeddah, sikuomba kurudi nyumbani. Nilimwomba mzee anifundishe ufundi. Leo unaniona, kazi hiyo ndiyo iliyonilea mimi na kuwasomesha ndugu zako.

Sasa wewe ulinipigia simu jana ukasema mkataba wako umekatwa na maisha yako yameisha. Hayajaisha, mwanangu. Umesimama. Lia kidogo, hiyo ni haki yako, kisha tafuta kilichopasuka, tafuta mtu wa kukushikia spana, utengeneze. Usione haya kuingia tena barabarani wakati wenzako wako mbele sana. Mbio zao si zako. Na ukimkuta kijana mwenzako amesimama, usimpite.

Mola akupe subira na watu wema, akufungulie riziki ya halali huko uliko, akufikishe salama.