Swichi Iliyonyamazisha Mtambo

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, Mlima Meru umefunikwa na wingu hadi chini, nami napanda kutoka Tengeru kwenda hospitali moja ya misheni, begani nimebeba mfuko wa bisibisi. Nilikuwa msichana wa Machame, mwaka wangu wa kwanza kazini. Ndiyo kwanza kampuni za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa kuingia kwenye mambo ya mawasiliano, na kampuni yetu ilikuwa na mafundi wachache na wateja wachache zaidi. Kazi hiyo nilitafutiwa na shemeji yangu Wilfred, mume wa dada, ambaye ndiye alikuwa fundi mkuu. Nililala kwake, nilikula kwake. Hilo nakutajia mapema, mwanangu, maana ndilo lililonifunga mdomo.

Mashine ya maabara ya hospitali ile ilikuwa imeharibika, kwa hiyo damu za wagonjwa ziliteremshwa kwa gari hadi maabara ya mjini, na majibu yakarudi kwa waya wa simu. Sisi tulifunga modemu mbili, moja mjini na moja hospitalini. Ni visanduku tu. Kimoja kinageuza maandishi yapite kwenye waya, kingine kinayapokea na printa inayachapa. Chini ya kila kisanduku kuna swichi ndogo ndogo. Mojawapo inaamua nani anashika mwendo, kwa sababu kimoja lazima kiongoze na kingine kifuate, kama kwaya inavyomfuata mwalimu wake. Vyote viwili vikijifanya mwalimu, herufi zinaanza kuharibika njiani. Swichi nyingine ni ya ukaguzi. Ikiwashwa, herufi iliyofika imeharibika inakataliwa, taa nyekundu inawaka na printa inasimama. Ikizimwa, kinachofika chochote kinachapwa, kiwe kizima, kiwe kibovu.

Wauguzi walikuwa wamelalamika mno kwamba printa inasimama kila mara. Wiki iliyotangulia shemeji alipanda peke yake, akarudi akasema tatizo limekwisha. Mimi nilitumwa kuuliza tu kama wameridhika, na kweli walikuwa wameridhika. Karani wa mapokezi alinimiminia chai akaisifu kampuni yetu.

Nilivuta kile kisanduku nikifute vumbi, na hapo nikaona swichi ya ukaguzi imezimwa. Nikadhani shemeji amesahau, nikaiwasha. Taa nyekundu ikawaka palepale, printa ikasimama katikati ya mstari. Nikatazama swichi ya mwendo. Kisanduku kilikuwa kimewekwa kiongoze, na cha mjini nilijua kinaongoza, maana nilikiweka hivyo mwenyewe. Basi nikaelewa. Shemeji hakuondoa kosa, aliuzima mdomo uliokuwa ukilisema. Na wiki nzima watu walikuwa wakitibiwa kwa karatasi ambazo hakuna aliyezikagua.

Nilimuuliza karani kama majibu ya asubuhi ile yameshafika. Akasema yamefika vizuri kabisa, yapo wodi ya wanaume.

Sitakudanganya kwamba nilikimbia. Nilibaki nimesimama. Nilimfikiria dada na watoto wake. Nikisema, shemeji anaachishwa kazi. Nikikosea, mimi ndiye msichana asiyejua dawa aliyeingia wodini kuzuia matibabu. Lakini miguu ilianza kwenda kabla akili haijakata shauri.

Wodini nilimkuta matroni, mama mmoja wa Kimeru mwenye umbo kubwa na sauti ya chini, ameshika sindano. Kitandani alilala mzee mkulima wa Kikwe, hana fahamu, na binti yake amemshika nyayo. Mzee yule alikuwa mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi. Karatasi yetu ilisema sukari yake ni ishirini na mbili nukta moja, yaani imepanda vibaya, na daktari akaandika achomwe insulini kuishusha, kisha akaingia chumba cha upasuaji.

Nikasimama mlangoni nikasema, "Shikamoo mama. Samahani." Hakunisikia. Nikangoja. Nikaona pamba yenye spiriti inapita kwenye mkono wa mzee, nami nangoja, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

"Samahani, mama," nikarudia.

"Sema, au utoke," akasema bila kugeuka.

"Hiyo karatasi huenda si ya kweli."

Hapo akageuka. Nikamweleza jinsi ukaguzi ulivyozimwa, na kwamba namba inaweza kubadilika njiani isiache alama yoyote. Hakunikaripia. Aliweka kiganja kwenye paji la uso la mzee, akakiona kimelowa jasho baridi. Akamuuliza binti, na binti akasema baba alijichoma insulini yake alfajiri kama kawaida, ila uji wote aliutapika. Matroni akaiweka sindano kwenye sinia. Niliusikia ule mlio wa chuma mpaka mifupani.

"Sukari ikizidi naweza kuishusha," akasema, kana kwamba anaongea peke yake. "Ikimwishia kabisa, yeye mwenyewe harudi."

Akaagiza dripu ya glukosi. Mwanangu, muda ule sikujua kama nimemwokoa mtu au nimemuua. Niliegemea ukuta nikaomba kwa Kichaga, lugha niliyofundishwa kuombea na mama yangu, na maneno hayakukamilika. Kisha mzee akafumbua macho, akamtazama binti yake, akauliza ng'ombe wameachiwa nani.

Baadaye matroni aliipata maabara kwa simu. Kule mjini karatasi yao ilisema sifuri mbili nukta moja. Ile sifuri ya mbele ilikuwa imegeuka mbili njiani. Sukari ya mzee ilikuwa karibu imwishie, na sindano ile ingeimaliza.

Matroni alinichukua hadi kwenye veranda. Nilidhani atanishukuru.

"Binti, uliingia ukiomba radhi," akasema. "Uhai wa mtu unao mkononi, nawe unasimama mlangoni unangoja nikukaribishe. Usirudie tena. Jambo la namna hiyo, ingia ukisema."

Nililia. Kisha nikarudi kwenye kisanduku, nikakiweka kifuate mwendo wa mjini, nikaacha ukaguzi umewashwa, na taa ikatulia yenyewe kwa sababu sasa hapakuwa na la kulalamikia.

Lakini zilibaki karatasi za wiki nzima. Hospitali iliwaita watu warudi kupimwa, na walirudi, isipokuwa mama mmoja wa jamii ya wafugaji wa upande wa magharibi wa mlima, aliyekuwa na mtoto mgongoni. Walisema familia imehamia na mifugo tambarare. Tulituma ujumbe kwa wainjilisti, haukurudi na jibu. Mpaka leo sijui.

Jioni ile nilimwambia shemeji mbele ya dada. Hakubisha. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Alihofia mteja ataondoka, na sisi sote tulikuwa tunakula kwa mteja yule. Kesho yake alikwenda kwa mkubwa wetu akasema mwenyewe, akaachishwa. Dada aliniomba nitafute pa kukaa, nikapanga chumba Engutoto. Ilipita miaka kabla hatujakaa tena meza moja.

Sasa wewe unaanza kazi hii ya kufunga mitambo. Nakuusia hivi. Mtambo ukilalamika, tafuta kinachoulalamisha. Usiuzime kwa sababu watu wamechoka na kelele zake. Na hofu ikikushika, iache ikushike, mimi ilinishika na bado inanijia, lakini isikupunguzie sauti. Unaowahofia wana nafasi ya kukukasirikia na kukusamehe. Aliyelala kitandani hana.

Mungu wa baba zetu akutangulie kila mlango utakaoingia, akupe macho ya kuona kilichofichika na kinywa cha kukisema kwa wakati wake. Mikono yako isidhuru mtu. Nenda salama, mwanangu.