Jina Ambalo Sikuweza Kumupa Sekretere

Majina hayanitoki kichwani. Hata leo, meno yamepungua na macho yamechoka, unitajie nyumba yoyote ya kando ya ziwa, toka bandarini mpaka kwenye gare ya treni, nitakuambia nani alizaa nani na mutoto wao wa tatu aliitwa nani. Shule nilisoma miaka mitatu tu kwa masista. Nilijua kusoma polepole na kuandika jina langu. Mengine yote niliyaweka kichwani kwa sababu sikuwa na pahali pengine pa kuyaweka.

Kichwa hicho njo kilinipatia kazi kwenye chuo kikuu. Ilikuwa wakati wa Zaire, wakati wanaume walivaa koti la abakosti bila karavati shingoni na sisi wote tuliitwa sitwayeni, yaani raia. Nilikuwa nauza maandazi mbele ya mulango mukubwa wa chuo. Wanafunzi walitoka pande zote, Nyunzu, Manono, Moba, hata Pepa kule juu kwa wachungaji wa ng'ombe, na kila mumoja nilimuita kwa jina lake lote na kumuuliza habari za mama yake. Siku moja mukuu wa chuo akasimama kununua, akabaki kusikiliza.

"Mama," akaniambia, "funguo za vyumba vya masomo zinapotea kila wiki. Yule anayezitoa hakumbuki amempa nani. Wewe utakaa kwenye dirisha la funguo."

Nikacheka. "Papa, mimi sijui Kifaransa."

"Ufunguo nao haujui. Uende kwa sekretere akufungulie dosie ya kazi. Jumatatu masomo yanaanza."

Wiki ile yote nilitembea na karatasi. Daktari alinigonga magoti, akanichungulia kinywani kama muntu anayenunua mbuzi, akatia muhuri. Mupiga picha alinifungua kitambaa cha kichwa, akasema serikali inataka kuona masikio yote mawili. Nilitafuta kadi ya chama, nilitafuta hati ya kuzaliwa, na kwenye hati waliniandikia mwaka waliopenda wao, kwani mama yangu alikumbuka tu kwamba nilizaliwa samaki walipokuwa wengi. Ijumaa nikafika mbele ya meza ya sekretere, karatasi zote zimefungwa ndani ya kanga.

Sekretere alikuwa kijana aliyetoka mbali, hajamaliza hata miezi sita kwetu Kalemie. Akaandika jina langu, la baba yangu, la mama yangu, kijiji, kabila. Halafu akauliza bila kuinua kichwa: "Jina ya bwana yako?"

Hilo sikuweza kumupa.

Inafaa nieleze. Kwetu, mwanamuke aliyeolewa hatamki jina la baba mukwe wake. Hali naye, hapiti mbele yake, hamuangalii machoni. Yeye naye hatamki jina la bibi ya mutoto wake, mukaza mwana wake. Si woga. Njo heshima inayowafanya watu wawili wakae lupango moja, uani pamoja, miaka mingi bila kuvunjiana uso. Hata kwenye karatasi hii sitaki liandikwe. Na nikiacha lake naacha na ya wengine wote, isionekane kwamba ni yeye peke yake hana jina.

Zamani haikuwa shida. Bwana yangu nilimuita kwa jina lake la ubatizo. Lakini Zaire ilikataza majina ya ubatizo, wakasema turudilie majina ya mababu. Bwana yangu alimupenda sana baba yake, akachukua jina la baba yake, lote kama lilivyo. Kutoka siku ile nilimuita Baba na jina la mutoto wetu wa kwanza nyuma yake, na hakuna muntu aliyeshangaa. Serikali ilitaka turudie mababu, na ni mababu hao walionifunga kinywa mbele ya meza yake.

"Mama, nimeuliza jina ya bwana."

Nikamupa lile la ubatizo. Akaweka kalamu chini. "Hiyo haiko tena. Unataka nifungwe?"

Nikamuambia: Baba wa fulani, fundi wa reli.

"Baba wa fulani! Sasa niandike hivyo, itumwe mpaka Kinshasa?" Akageukia watu waliokaa kwenye benchi. "Munaona? Huyu njo mama ya majina. Mukuu anasema anajua majina ya wanafunzi wote. Ya bwana yake tu njo imemushinda!"

Wakacheka. Mumoja akasema labda mabwana ni wengi, nachagua. Ningeweza kulisema. Lilikuwa pale nyuma ya meno, jina fupi, na kule ndani hakuna muntu wa kwetu ambaye angenisikia. Sikulisema.

Sekretere akaacha kucheka, akaniambia sheria. Mwanamuke aliyeolewa haandikwi kazi bila ruhusa ya bwana, kwa jina na kwa mukono wake. Bwana yangu alikuwa Nyunzu kwenye njia ya reli, na treni haikujulikana itashuka lini.

"Basi baba ya bwana yako aje mwenyewe, kwa niaba yake. Kesho saa sita nafunga dosie. Iko mujane mumoja hapa anayetaka kazi hii, karatasi zake zimetimia, hana bwana wa kuomba."

Nilirudi nyumbani nikijua kazi imekwenda. Baba mukwe alikuwa ameshasema, na mimi nikasikia toka jikoni: bibi ya mutoto wangu hatakaa dirishani kuita wanaume. Mchana ule alikuwa uani anashona wavu wake. Nilimueleza mama mukwe yote, kwa sauti ya chini, naye akaenda kusimama mbele ya muzee. Mimi nikabaki nyuma ya ukuta wa jiko.

"Wanakutaka wewe," mama mukwe akasema. "Useme jina yako kwa kinywa yako na uweke kidole."

"Yeye hakuwaambia?"

"Hakuwaambia."

"Hata walipomulazimisha?"

"Walimucheka mbele ya watu. Alinyamaza."

Muzee akavuta uzi, akafunga fundo, akakata. "Walimucheka," akasema. Halafu akashika tundu lingine la wavu, akaendelea kushona mpaka jua linazama. Mama mukwe akarudi jikoni akanyanyua mabega tu.

Asubuhi nilimuona muzee, kwa mbali, amevaa koti lake la misa. Akatoka bila kuniita, kwani hawezi kuniita. Nikachukua kanga nikafuata. Alitembea mbele, mimi nyuma kama hatua hamusini, kila akisimama kupumzika nami nasimama. Aliyetuona angedhani ni watu wawili wasiojuana ambao safari imewakutanisha tu.

Kwenye biro ya sekretere akaingia. Mimi nikabaki barazani, nyuma ya mulango uliofunguliwa nusu.

"Jina?" sekretere akauliza.

Akalisema. Sekretere hakulisikia vizuri, akamuambia arudilie. Muzee aliyewahi kuongoza mitumbwi mpaka Zongwe wakati wa mawimbi, akalirudilia jina lake kwa sauti, kama mutoto anayeitwa darasani, na watu wa benchi wakisikiliza. Nikaziba masikio kwa kanga lakini nilikuwa nimechelewa.

"Unaruhusu huyu mama afanye kazi hapa kwa niaba ya mutoto wako?"

"Ninaruhusu."

"Anaitwa nani, huyo unayemuruhusu?"

Nikajua langu naye hawezi kulitamka, na nikataka kulia na kucheka pamoja.

"Papa, ninakuuliza."

"Ameandikwa hapo mbele yako. Soma."

"Lazima uliseme wewe!"

"Sitalisema."

"Munakuja kunichezea, familia muzima!"

Mumoja wa benchi, mama wa kwetu aliyechelewa kufika na ambaye jana hakuwako, akamuambia: "Kijana, kila mumoja atakutajia jina lake mwenyewe. Huyu hapa, yule kule nje. Wewe uandike, kazi yako ni kuandika." Sekretere akapumua. Akaniita, nikasema jina langu toka nyuma ya mulango. Akaandika. Muzee akabonyeza kidole kwenye wino. Kisha kijana akasoma karatasi yote kwa sauti, jina langu, na kwamba ni bibi ya fulani mutoto wa fulani, akaniuliza toka ndani: "Mama, njo yenyewe?"

"Njo yenyewe," nikajibu.

Mpaka leo najiuliza kama kukubali ni sawa na kutamka. Niliwahi kumuuliza padri, akasema Mungu hana shida na jambo hilo. Lakini sikuwa nauliza juu ya Mungu.

Sekretere akanipa namba ya matrikule, yaani namba yangu ya kazi, kwenye kipande cha karatasi, akatoa mukono wake tu kupitia mulango, kwani alikuwa ameanza kuelewa. Muzee akatoka. Nikageukia ukuta ili apite. Hakupita mara moja. Alisimama akiangalia ule mulango wa mbao, rangi imebanduka, akauambia:

"Wewe mulango, muambie mutoto wa watu afungue mapema. Walimu hawapendi kungoja."

"Papa, unaongea na nani?" sekretere akauliza toka ndani.

Nami nikauambia mulango, polepole, uso ukutani: "Umuambie nimesikia."

Akashuka ngazi. Nikangoja mpaka sikusikia tena viatu vyake kwenye changarawe, halafu nikaingia kuonyeshwa funguo.