Mkono wa Kiti

Binti wa yule mbunifu ana miaka sabini na ushei, na kiti kilichompa marehemu baba yake sifa hakitoki upya karakanani kwetu bila saini yake. Kila akija kukagua sampuli hufanya yaleyale: huipapasa mbao kwa kiganja kama anayeipima homa, huguna, huweka mkoba kwenye mto, kisha yeye hupanda kukaa kwenye mkono wa kiti. Leo, kwa mara ya tatu, aliteleza. Meneja, ambaye maonyesho yake ni keshokutwa lakini jasho lake limeshafika, akamfunulia karatasi ya mchoro.

“Mama, tumefuata mchoro wa mzee, hata unywele haujazidi!”

“Huo aliuchora sijazaliwa, mwanangu. Nilipozaliwa akauongeza mkono wa kiti upana wa vidole viwili, nipate pa kukaa akisoma gazeti.”

Fundi akaongeza kibao cha vidole viwili, akakikaza kwa skrubu. Bibi akapanda, akatulia tuli.

“Wewe kaa pale kwenye mto, alipokuwa akikaa baba,” akamwamuru meneja. Akaiweka karatasi begani kwa meneja, akatia saini, miguu ikining’inia, kiatu kimoja kimeshaanguka.