Doto Asiye na Kulwa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu Doto, ni ile kijana wa ofisini alipoinua macho kutoka kwenye kompyuta, akaniambia kwa upole kabisa: "Mama, usijali. Hicho kifo tunakifuta, mtoto anarudi."

Nilikuwa nimekubeba mgongoni, mzima, unanivuta nywele. Aliyekufa ni pacha wako, Kulwa, na tangu tumzike tulikuwa hatujamaliza hata kupalilia pamba.

"Mtoto gani anarudi?" nikamuuliza.

"Huyo uliyembeba."

"Na yule mwingine?"

"Kwenye mfumo hakuna mwingine, mama."

Hapo uvumilivu uliniishia. Nikafungua kanga, nikakukalisha juu ya meza yake, mbele ya kompyuta. Nikamwambia basi na huyu mfute kabisa, tujue moja. Nilipiga kelele mpaka waliokuwa kwenye benchi wakasimama. Mzee mmoja akamwambia, "Kijana, mjibu mama wa watu haraka. Huyo mtoto hana nepi, atakulowesha hayo makaratasi." Watu wakacheka. Siku nyingine hata mimi ningecheka.

Mimi si mzee, mwanangu. Nina kidato cha nne na hasira nyingi, mvi sina. Lakini nimezika mtoto, na ninayo ya kukuambia. Ukikua utayasoma.

Kabla hamjazaliwa nilifanya kazi Bariadi mjini, kwenye mradi wa ramani. Tulikaa kwenye chumba cha kupanga, tunaangalia picha zilizopigwa kutoka angani, tunachora mipaka ya kila paa, ili ile wanayoiita akili mnemba ijifunze nyumba inafananaje. Ilijifunza haraka, sikatai. Ila nyumba mbili zikibanana, yenyewe iliona moja. Kazi yangu ilikuwa kuzitenganisha: napitisha mstari katikati, naendelea na nyingine. Niliipenda kazi ile. Nilijisikia nawasaidia watu wasirukwe.

Nilipoolewa huku Sapiwi nikaikuta ramani ile ile kwenye simu ya Kabula, mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Kila nyumba ni kitone, kila kitone kina watoto wake, na simu inamwambia leo apite wapi, ampime nani. Mlipozaliwa aliwaandika wote wawili. Nilimwona kwa macho yangu.

Kumbe huko juu mashine ilikuwa imepewa kazi ya kuondoa taarifa zilizojirudia. Mama mmoja, nyumba moja, siku moja ya kuzaliwa, wote wa kike. Ikaona Kabula amekosea, ameandika mtoto mmoja mara mbili. Ikawaunganisha. Likabaki jina lako, kwa sababu uliandikwa mwisho. Kabula aliliona jina moja akadhani ni mtandao tu, akawa anawapima wote wawili huku anangoja lingine lirudi.

Hapa kwetu Usukumani mapacha hatuwatafutii majina. Wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, na atakayewafuata ni Shija. Ukijitambulisha kwa jina lako hata muuza nyanya sokoni atakuuliza, Kulwa yuko wapi? Atakuuliza maisha yako yote, nami nakuonea huruma kwa hilo. Mashine haikuuliza.

Sisemi mfumo ndio uliomuua dada yako. Homa ndiyo iliyomuua, na mbuga ilikuwa imejaa maji, pikipiki ikakwama, tukafika hospitali namshika, haitikii tena. Nisiongeze. Hospitali ikatuma taarifa ya kifo kama inavyotakiwa. Mashine ikatafuta mtoto wa nyumba yetu, ikamkuta mmoja. Ikamfunga huyo, ikaandika amekufa. Wewe.

Siku ya matone ya vitamini Kabula alikuja kwetu mikono mitupu.

"Mama Kulwa, nisamehe. Dozi nilizopewa ni za majina yaliyomo kwenye simu. Nyumba yako imetoka."

"Imetoka imekwenda wapi? Hiyo simu ndiyo iliyonizalisha?"

"Nimepiga ofisini, wanasema mfumo..."

"Mfumo, mfumo! Nenda kanywe chai na mfumo wako. Toka uani kwangu."

Bibi yako, tunayemwita Mayu, alikuwa anapepeta mtama pembeni. Hakupandisha sauti. "Mama Kulwa," alisema, "huyo unayemfukuza alilala hapa chini na sisi siku zote za msiba. Aliyeyafanya haya hajui hata njia ya kuja hapa. Unamtukana huyu kwa sababu ndiye unayemfikia. Mpe kiti."

Niliona aibu. Nikampa kiti. Kabula akakaa, akaanza kulia, nikalia naye, na Mayu akaendelea kupepeta mtama wake kama hatuoni. Asubuhi yake nikakubeba, nikaenda mjini, ofisi ya mradi, kumtafuta aliyeyafanya.

Basi pale ofisini, nilipochoka kupiga kelele, yule kijana alinieleza vizuri. Mfumo haukubali kuandikisha mtoto ambaye ameshafariki. Njia fupi ni kufuta kifo. Nikikubali, wewe unarudi kwenye orodha ya Kabula wiki hiyo hiyo. Nikikataa, lazima malalamiko yaende juu, na huko juu hajui yatakaa muda gani.

Nilikuangalia pale mezani unachezea kalamu yake. Mwanangu, nusura nikubali. Nilijua ukirukwa tena ni mimi nitakayejilaumu. Lakini nikubali kwamba hakuna aliyekufa? Nirudi nyumbani nipite kwenye lile kaburi dogo, niliambie nini?

"Nani aliamua kwamba wawili hawa ni mmoja?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyeamua, mama. Ni mfumo."

Sikumfokea tena. Nilimwona kuwa naye yuko kama Kabula. Nikamwomba karatasi.

Jambo hili nimelifikiria sana nikiwa shambani. Mimi niliyechora paa nilichora sawa. Kabula aliandika sawa. Hospitali ilisema ukweli. Hata mashine, kwa jinsi ilivyoelekezwa, ilifanya ilichotumwa. Zikusanye kazi zetu zote nzuri, utakuta dada yako hakuwahi kuzaliwa na wewe umekufa. Wa kutenganisha paa alikuwepo, tena analipwa. Wa kutenganisha watoto hawakumweka.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Siku ukikaa mbele ya hizo kompyuta, na nadhani utakaa, usiunganishe watu usiowajua kabla hujatuma mtu akaangalie, hata kama mashine ina uhakika. Ukiambiwa hakuna aliyeamua, uliza tena, kwa sababu yupo aliyeiagiza mashine na akaenda nyumbani kulala. Ukikasirika, na hasira utakuwa nayo maana umenyonya kwangu, usiitue kwa anayekuja kwako kwa miguu. Na ukiona njia fupi ya kukufaa wewe inamzika mtu mwingine mara ya pili, kaa chini kwanza. Matone nilikupeleka zahanati mwenyewe, nesi akakupa, akaandika kwenye kadi kwa kalamu. Nitakupeleka na mengine mpaka wajibu.

Mungu akukuze, Doto. Akupe miaka yako na ile aliyoiacha mwenzako, uiishi yote, na usiionee haya.

Malalamiko niliyoyapeleka ni haya. Wameyapokea na kugonga muhuri.

*Kwa Mratibu wa Mradi,*

*YAH: KUUNGANISHWA KIMAKOSA KWA TAARIFA ZA WATOTO WANGU PACHA*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mama wa Kulwa na Doto, mkazi wa Sapiwi. Mfumo wenu umewafanya watoto wangu wawili kuwa mmoja, kisha ukamfunga aliye hai kwa kifo cha mwenzake. Nimeshauriwa nikubali kifo kifutwe. Nakataa. Kifo kilitokea, nilikuwepo.*

*Naomba Doto arudishwe kwa jina lake, bila kusubiri mengine. Naomba mtu, si mashine, apitie majina ya mapacha wote wa mkoa huu, kwa sababu siamini kwamba ni wangu peke yao.*

*Na kuhusu Kulwa, naomba muandike kwanza kwamba alizaliwa. Mkishaandika hivyo, ndipo muandike kwamba amefariki.*