Koti Lililokuwa Mgonjwa

Kwao alikuwa daktari. Ugenini aliitwa Bwana Mashuka.

Jina hilo alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia, chini kabisa ya hospitali, ambako mashuka ya wodi sita yaliletwa kwa toroli yakiwa na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa. Wenzake waliyashika kwa ncha za vidole. Yeye alilitazama doa akajua: huyu ini limechoka, huyu kidonda chake hakijafunga. Kisha akalitia shuka kwenye mashine kama wengine, maana nani alimwuliza? Miaka kumi na minne alipasua watu na kuwashona wakapona, na sasa kazi yake ilikuwa kunyoosha pembe za mashuka.

Usidhani hakuwa na vyeti. Alikuwa navyo mpaka vya ziada. Tatizo ni kwamba bodi ya madaktari ya nchi ile ilivitaka vyote kwa pamoja, navyo vilikataa kukaa pamoja kama wake wenza. Barua ya chuo ilipofika, cheti cha mwenendo mwema kutoka kwao kilikuwa kimepitisha miezi mitatu, kwa hiyo hakifai tena. Alipoletewa kingine, mtihani wa lugha ulikuwa umetimiza miaka miwili, nao ukahesabiwa umekufa. Mtu mzima na mvi zake akarudi darasani kuthibitisha kwamba anajua kuomba maji ya kunywa. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, naye aliyaoga miaka mitatu. Mtihani wa kuandika akaushinda. Ukabaki mmoja, wa vitendo, na huo mtu aliruhusiwa kuujaribu mara tatu tu katika maisha yake.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: unaingia chumbani, unamkuta mtu aliyeajiriwa kujifanya mgonjwa. Unajitambulisha, unaomba ruhusa, unauliza maswali, na pembeni msimamizi anaandika. Dakika nane, kengele, unahamia chumba kingine. Alikuwa ameshaanguka mara mbili, na mara zote mbili karatasi ya majibu ilileta maneno yale yale: hamsikilizi mgonjwa.

Yalimchoma. Kwao wagonjwa walikubali kukaa kwenye foleni kutwa nzima wamsubiri yeye, kwa sababu walisema akikusikiliza unapata nafuu kabla ya dawa. Leo yeye ndiye asiyesikiliza? "Waongo hawa," akajisemea, na akaongeza mazoezi.

Tangu mwanzo alifanya mazoezi na koti. Koti lake jeusi la baridi alilivalisha kiti, akalifunga vifungo, akalitundikia kifuani kifaa chake cha kusikilizia mapigo ya moyo. Jana liliumwa tumbo, leo kifua. Aliuliza yeye, akajibu yeye, na kukohoa akakohoa yeye. Angemwomba nani? Wenzake wa kazini walikuwa na nyumba zao za kuwahi. Mkewe na binti yake walikuwa mbali, na walipatikana kwenye simu siku ya Jumapili tu.

"Shikamoo, baba," binti alisema. "Umeshakuwa daktari tena?"

"Marahaba, mama. Bado kidogo."

"Kwani ulikuwa umeacha?"

Alicheka ili mtoto acheke. Simu ilipokatika alikaa ameishika, akisikiliza maji yakipita kwenye bomba la ukutani. Upweke ulimla, na hakuwa na wa kumwambia ila koti.

Mwenye nyumba wake alikuwa bibi mjane aliyeishi chini. Kwa miaka mitatu walikuwa hawajazungumza lolote zaidi ya funguo na pipa la taka. Sharti lake lilikuwa moja: wageni hapana. Jioni moja akabisha hodi.

"Mgeni wako yuko wapi?"

"Sina mgeni, mama."

"Usinifanye mtoto. Nimemsikia akikohoa. Na kikohozi chenyewe kibaya!"

Akachungulia chini ya kitanda, akatazama nyuma ya mlango, kisha macho yakatua kwenye kiti. Daktari aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akamweleza yote, mpaka habari za mara ya tatu na ya mwisho. Yule mama hakucheka. Alilinyanyua koti polepole, akalilaza kitandani, akaketi mahali pake.

"Haya, nitibu."

Daktari akajitambulisha, akaomba ruhusa. "Maumivu yalianza lini?"

"Juzi, nilipokuwa..."

"Yanashuka mpaka mkononi?"

"Ngoja kwanza, baba, nilikuwa..."

"Unavuta sigara?"

Mama akajipiga paja. "Wewe! Unaniuliza au unanisomea? Mbona hunisubiri nijibu?"

Hapo ndipo daktari alipoelewa. Muda wote huo alikuwa akimwuliza mgonjwa ambaye alimjibia mwenyewe papo hapo, mpaka akasahau kwamba mtu hai huchukua muda. Wasimamizi hawakuwa waongo.

"Nimeharibika, mama."

"Hujaharibika. Umekaa peke yako mno. Hata mimi nabishana na redio."

Tangu siku hiyo mama alipanda ngazi kila jioni, magoti yakimlalamikia, kwenda kuugua. Daktari alimwandikia ugonjwa kwenye kikaratasi, naye akautia chumvi: ukiandikwa kichwa, yeye aliongeza kizunguzungu na mkwe mkorofi. Daktari akajifunza upya kuuzuia ulimi. Aliuliza, akahesabu kimoyomoyo mpaka tano, akangoja.

Swali la mwisho la mtihani lilikuwa hili: kuna jambo jingine ungependa kuniambia? Kila siku mama alijibu, "Hakuna, daktari." Siku moja hakujibu. Daktari akahesabu tano, akahesabu kumi.

"Tangu mume wangu afariki," mama alisema, "wewe ndiye wa kwanza kuniuliza nimelalaje. Najua swali hilo limo kwenye mtihani wako. Lakini umeniuliza."

Hayo hayakuwamo kwenye kikaratasi. Daktari hakuwa na dawa yake. Alimshika mkono, wakakaa.

Mara ya tatu alingoja kila jibu. Katika chumba kimoja mgonjwa wa kuigiza alinyamaza mpaka msimamizi akatazama saa, na yeye akangoja tu. Akafaulu. Leseni ilikuja karatasi moja, nyepesi, yenye muhuri, pamoja na barua ya kazi katika mji ulio mwendo wa siku nzima kwa treni. Mkewe alilia kwenye simu. Binti akauliza kama sasa ataacha tena.

Asubuhi ya safari alishuka na masanduku mawili, koti mkononi.

"Huko uendako kuna baridi?" mama aliuliza.

"Nasikia kuna joto."

"Basi niachie koti."

"Litakuwa kubwa kwako, mama."

"Si la kuvaa."

Akampa. Wakaagana, na yeye akamwona akipanda ngazi, mkono mmoja kwenye ukuta. Alipokuwa anafunga mlango wa nje alisikia kiti kikiburutwa juu, kisha sauti ya mama ikiuliza:

"Umelalaje?"

Halafu kimya. Alikuwa anasubiri ajibiwe.