Mwakenya wa Maneno Matano

Ndimu, farasi, kisu, mvua, shati.

Mpaka leo naweza kuyataja huku nakata sukuma, huku namwogesha mtoto, huku nagombana na mwenye nyumba. Yalikuwa maneno matano kwenye karatasi ya nesi wa klabu ya raga, na kwa nusu ya msimu ndiyo yaliyotuweka sisi watatu ndani ya chumba kimoja huko Al Wukair, nje ya Doha.

Nianzie nyuma kidogo, kwa sababu watu wa nyumbani wakisikia mume wangu alikuwa mchezaji wa kulipwa Qatar wanadhani tuliishi kama mabalozi.

Yeye alienda kama mlinzi. Mimi nilienda kusafisha vyumba vya hoteli. Yeye alilala kambi ya wafanyakazi ya Industrial Area, wanaume wanane chumba kimoja, mimi nililala bweni la wasichana Al Mansoura, na mapenzi yetu yalikuwa ya Ijumaa mchana, kwenye benchi, na chai ya karak kwenye vikombe vya karatasi. Tulioana likizo, Kenya, kisha tukarudi kila mtu kwenye kitanda chake cha chuma. Nilipopata mimba nilirudi kwa mama kujifungua, na binti yetu alipofika miezi mitano nilimwacha huko nikarudi kazini. Nilipomwona tena alikuwa anatembea. Alinitazama, akajificha nyuma ya leso ya nyanyake. Siku hiyo niliapa sitamwacha tena, hata kama ni kulala barabarani.

Basi ndipo akatokea tajiri mmoja mwenye kampuni ya ujenzi, akataka timu ya raga. Si ile ya watu kumi na watano tunayoijua Kenya. Hii ilikuwa ya kumi na watatu. Ukiangushwa unaachiwa uinuke, unauweka mpira chini, unausukuma nyuma kwa mguu, mwenzako anauchukua mnaendelea. Mkiangushwa mara sita, mpira unaenda kwa wapinzani. Mume wangu alikuwa amecheza raga shuleni na kwenye klabu fulani nyumbani, mabega yake yakaonekana, akatolewa kwenye ulinzi akawekwa kwenye mshahara wa wachezaji. Waliooa walipewa vyumba kwenye villa moja iliyogawanywa kwa kuta nyembamba, unasikia jirani akikoroga chai. Sisi tulipewa kimoja. Viza yangu na ya mtoto zikatoka. Nikamleta binti yangu.

Lakini mandub, yule mtu wa ofisi anayeshughulikia viza na nyumba, alitusomea sharti kabla hajatupa ufunguo. Chumba ni cha mchezaji anayecheza. Akikaa nje mechi tatu mfululizo, yeye anarudi kambini Industrial Area, mke na mtoto wanarudi kwao. "Mechi tatu, khalas, kwisha," akasema, akatuonyesha vidole vitatu, labda alidhani hatujui kuhesabu.

Mwezi wa kumi tukaanza vizuri. Mechi ya kwanza mume wangu alisababisha penalti nne, kwa sababu kila akimwangusha mtu alibaki chini akigombania mpira, mazoea ya raga ya kwetu. Kocha, Mwaustralia mwenye shingo nyekundu, alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hata hivyo tulishinda. Tukashinda ya pili na ya tatu. Tajiri alituma mbuzi mzima juu ya wali, wake na watoto tukala mpaka tukashindwa kuinuka. Mwezi wa kumi na mbili tukaanza kupigwa. Mechi mbili, tatu. Mbuzi hakuja tena, na mandub akaanza kupita villa bila sababu, akihesabu viyoyozi.

Baada ya mwaka mpya ndipo kichwa cha mume wangu kiligongana na goti la mtu. Nilikuwa pale, mtoto mgongoni. Aliinuka kama kawaida, akauweka mpira chini, akausukuma kwa mguu. Ila alikuwa ameelekea upande mbaya. Mpira akawapa wapinzani, wakakimbia nao wakafunga trai. Uwanja mzima ulicheka. Na mimi nilicheka. Nataka niliandike hilo, kwa sababu ningeweza kuliruka na hakuna ambaye angejua.

Sheria ya klabu ilisema mtu akigongwa kichwa hachezi mpaka apimwe na nesi. Nesi alikuwa dada wa kwetu kabisa, Mkenya, mpole, anavaa miwani. Kipimo chenyewe ni hivi: anakusomea maneno matano, anakuuliza leo ni siku gani na mlicheza na nani wiki iliyopita, anakwambia uhesabu miezi kinyumenyume, halafu anakuuliza yale maneno matano yalikuwa gani. Mara ya kwanza mume wangu alipata mawili. Akakaa nje mechi moja. Wiki iliyofuata akapata matatu. Akakaa nje ya pili.

Siku aliyofeli mara ya pili alirudi nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na buti zake.

"Mama," akaniambia, "maneno ni yale yale. Amesoma yale yale mara zote mbili."

"Unayakumbuka?"

"Sasa si ndiyo shida."

Nilienda mwenyewe mazoezini siku iliyofuata na chupa ya uji, eti namletea mume. Karatasi ilikuwa mezani kwa nesi. Niliyasoma karatasi ikiwa imenigeukia kichwa chini, maneno yote matano, nikarudi nyumbani nikiyataja kimoyomoyo. Mimi nimesoma sekondari Kenya. Kama kuna kitu nilifundishwa pale ni kukariri, na kile walimu hawakufundisha tulijifundisha wenyewe: mwakenya, kile kikaratasi kidogo chenye majibu unachoficha kwenye soksi siku ya mtihani. Nikaandika mwakenya. Nikaubandika ndani ya mlango wa kabati la sufuria.

Tulikariri kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili ili yashike. Alipokuwa akiosha vyombo nilimuuliza ghafla. Alipokuwa akimlisha mtoto, ghafla. Jirani yetu, Mganda, mke wa mchezaji mwenzake, alitusikia kupitia ukuta. Tulipokutana kuanika nguo akacheka mpaka akashika kamba.

"Nyabo, umemwandikisha mumeo chekechea?"

"Wako anajua kusoma?"

"Wangu hajagongwa bado. Akigongwa nitakuletea umfundishe, nitakulipa kwa matoke."

Akapita, mume wangu. Matano kwa matano. Ijumaa ile alicheza, na timu ikashinda. Nilimpikia chapati. Tuliona tumefanya jambo la akili sana.

Baada ya hapo alipigwa kichwa mara mbili nyingine, mara moja vizuri sana hadi macho yakageuka. Kila mara alipimwa na kila mara akapita. Tulishinda mechi nne, tukapanda mpaka nafasi ya pili. Mbuzi akarudi. Kocha alimpiga mume wangu mgongoni mbele yangu akasema ana fuvu la chuma.

Nyumbani fuvu la chuma lilikuwa linanunua maziwa asubuhi, linarudi kununua maziwa mchana. Alikuwa anazima taa na kukaa gizani akisema mwanga unamchoma. Alimwita binti yetu kwa jina la wifi yangu aliyefariki, siku nzima, na mtoto alikuwa anaitika. Mimi niliona. Nisiseme sikuona. Nilijiambia msimu unaisha mwezi wa nne, akipumzika kiangazi chote atapona. Nikaendelea kuuliza: la tatu? Kisu. La nne? Mvua.

Kisha Jumamosi moja asubuhi, zikiwa zimebaki mechi tatu, alienda duka la kona kununua mkate, akaenda na mtoto. Alirudi na mkate.

Nilikuwa mlangoni nafagia mchanga. Nikamuuliza, "Mtoto yuko wapi?"

Akatabasamu, lile tabasamu la kunionyesha kwamba leo simkamati. Akasema, "Ndimu, farasi, kisu, mvua, shati."

Alidhani namfanyia mtihani.

Sikumbuki nilivyofika dukani. Nakumbuka nilikuwa na ufagio mkononi na nimevuka barabara yenye malori bila kutazama. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, alikuwa amemkalisha binti yangu juu ya gunia la mchele na biskuti. Alikuwa amemfunga mguu kwenye kaunta kwa kamba ya plastiki, taratibu, asije akatoka nje.

"Baba sahau mzigo," akaniambia kwa kile Kiswahili alichochuma kwetu wateja. Akacheka kidogo. Aliponiona uso, akaacha.

Siku iliyofuata nilibandua ule mwakenya kabatini nikaenda nao uwanjani kwenye mazoezi, mtoto kiunoni. Nilikuwa nimejiandaa kulia mbele ya nesi, kuomba msamaha, kusema mimi ndiye niliyeiba mtihani, mume wangu ni mgonjwa. Nikauweka mezani kwake. Akautazama, hata hakuuchukua.

"Dadangu," akasema kwa sauti ya chini, "karatasi ni ile ile tangu mwezi wa kumi na mbili. Ulidhani ni kwa nini?"

Sikumwelewa.

"Karatasi zipo sita, kila moja na maneno yake. Ninazo kwenye faili. Mwanzo wa msimu nilikuwa nabadilisha, wachezaji wakawa wanafeli, kocha akaniuliza kama mimi ni wa timu yetu au ya wale. Mandub akaniuliza viza yangu inaisha lini." Akavua miwani, akaifuta. "Nikaacha kubadilisha. Nyinyi mkaanza kuja na uji."

Nimewahi kukasirika maishani, lakini siku ile nilisikia masikio yakiziba. Nilijiona mjanja. Nilikuwa nimewafanyia kazi yao, bure, jikoni kwangu, na mtoto wangu akisikiliza.

Nikamwambia, "Mpime sasa hivi. Na karatasi nyingine."

"Unajua kitakachofuata."

"Najua. Vidole vitatu."

"Fikiria huyo mtoto."

"Mtoto jana alikuwa amefungwa kamba dukani kama kuku. Toa karatasi, au nitasimama katikati ya uwanja nimwambie kila mtu."

Akaitoa. Sikumhurumia. Alimwita mume wangu, akaja anakimbia, jasho linamtoka, akaniona, akashangaa. Kocha naye akasogea kuuliza kuna nini. Nesi akasema ni kipimo cha kawaida tu. Akasoma maneno matano mapya. Nayakumbuka pia hayo lakini siyaandiki. Akamuuliza siku. Akamwambia ahesabu miezi kinyumenyume, akafika mwezi wa nane akarudi juu tena, wa tisa, wa kumi. Halafu akamuuliza maneno.

Mume wangu alitaja moja. Lilikuwa sahihi. Akanitazama mimi, jinsi alivyonitazama miezi yote ile kutoka kwenye karo la vyombo, akisubiri nimpe herufi ya kwanza.

Sikumpa.

"Ndimu," akasema. "Farasi."

Kocha akatukana, akatupa filimbi chini. Nesi akaandika kwenye karatasi, na safari hii aliandika ukweli, mbele ya mashahidi. Hiyo peke yake ndiyo sifa ninayoweza kumpa.

Hakucheza zile tatu. Timu ikapigwa mbili, ikashinda moja, ikashuka mpaka nafasi ya nne. Jirani yangu Mganda aliacha kunisalimia. Siku moja kupitia ukuta nilimsikia akimwambia mumewe, kwa sauti ya kutaka nisikie, kwamba kuna wanawake wanaofunga milango ya wenzao. Alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu msimu uliofuata tajiri alichoka na raga akahamia kwenye ngamia wa mbio, na vyumba vyote vya villa vikachukuliwa. Na yeye alirudi Kampala na masanduku yake. Lakini hilo lilikuja baadaye. Wakati ule mwenye kosa nilikuwa mimi peke yangu.

Mandub alikuja Jumapili asubuhi na daftari. Akahesabu vijiko. Akakagua kiyoyozi. Ndani ya mlango wa kabati akaona alama ya gundi pale nilipobandua karatasi, akauliza ni nini. Nikamwambia ni masomo.

Mume wangu alirudi Industrial Area, akarudishwa kwenye ulinzi, getini, kwenye jua, na kichwa kile. Mimi na mtoto tulipewa tiketi. Alitusindikiza mpaka uwanja wa ndege kwenye gari la kampuni. Tulipopanga foleni ndipo akasema, na hakusema kwa hasira, ningependa angekasirika.

"Mechi tatu tu, mama. Ungengoja tatu tu."

Nilikuwa na mtoto mkono mmoja na pasipoti mkono mwingine. Nilitaka kumwambia kuhusu duka, kuhusu kamba mguuni. Nilikuwa nimeshamwambia, mara nne, na kila mara alishtuka upya, akamkumbatia mtoto, akalia. Sikutaka alie tena kwenye foleni.

"Maji yako umebeba?" nikamuuliza.

Akajipapasa mifukoni. Chupa alikuwa ameishika mkononi.